Katwe: Mahali Lori la Jeshi Linapopewa Moyo Mpya

Mgeni anayeshuka teksi karibu na Mnara wa Saa, upande wa kusini wa mji wa Kampala, hana haja ya kuuliza njia ya kwenda Katwe. Masikio yatamwongoza. Kabla hajaiona karakana hata moja atasikia nyundo juu ya fuawe, msumeno ukilia juu ya chuma, na injini inayojaribiwa ikikohoa, ikinyamaza, kisha ikikohoa tena. Mnara huo ulijengwa kwa heshima ya ziara ya Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1954, alipokuja kuzindua bwawa la umeme la Owen Falls kule Jinja. Watu wengi hupita chini ya saa hiyo wakielekea Entebbe au Masaka bila kugeuza shingo. Wenye magari mabovu hugeuza.

Katwe iko chini ya kilima cha Mengo, makao ya wafalme wa Buganda. Vijia vyake ni vyembamba, na udongo wake umelowa mafuta machafu ya miaka mingi. Hapa huundwa sufuria, majiko ya mkaa, malango ya chuma na mashine za kusaga mahindi. Lakini kwa mtu aliyepata kuvaa gwanda, kinachovuta jicho ni kitu kingine. Ni lori kuukuu la jeshi lililosimama juu ya magogo, boneti wazi, rangi ya kijani ikiwa imeanza kukwanguliwa, na mahali injini ilipokuwa pamebaki tundu.

Kazi inayofanywa hapo ni kuiondoa injini ya zamani ya petroli na kulitia lori injini ya dizeli yenye nguvu zaidi. Ni kazi yenye faida, na ni kazi ya ufundi mkubwa. Ikifanywa nusunusu, ni kazi inayoua watu. Yafaa basi kila familia yenye nia ya kuwekeza akiba yake katika gari la namna hiyo iyajue mambo yake kabla ya kutoa fedha.

CHUMA KILICHOZOEA TAABU

Kwa nini mtu ahangaike na lori la jeshi, na malori ya kiraia yamejaa mjini? Jibu liko chini ya bodi. Lori la jeshi hujengwa kwa fremu nene, ekseli nzito na magurudumu ambayo yote hukokota. Halikuundwa kwa ajili ya lami. Liliundwa kuvuka tope, mchanga na mito isiyo na daraja, na kutengenezwa porini na askari mwenye spana chache. Katika nchi ambayo matoke, mbao na mchanga hutoka mahali ambapo barabara hugeuka uji wakati wa masika, sifa hizo ni mali.

Magari chakavu ya serikali huuzwa kwa mnada wa hadhara, na mengine huagizwa kutoka ng'ambo baada ya majeshi ya huko kuyastaafisha. Bedford RL, ambalo Waingereza walianza kulitumia katika miaka ya 1950, lilikuwa na injini ya petroli ya silinda sita yenye nguvu za farasi zipatazo 110. ZIL-131 la Urusi lilikuwa na silinda nane na nguvu za farasi 150. Kabla ya hayo, Wamarekani waliunda malori ya GMC zaidi ya 500,000 wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na hayo pia yalikunywa petroli.

Neno "yalikunywa" halikutumika kwa mzaha. Lori la ZIL-131 lilihitaji lita zipatazo 40 kwa kila kilomita 100. Jeshi lililo vitani hutazama kama shehena imefika. Raia hutazama kilichobaki mfukoni baada ya shehena kufika. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kilomita zipatazo 130, yaani 260 kwenda na kurudi. Lori la kunywa lita 40 kwa kilomita 100 litamaliza lita 104 katika safari hiyo. Likitiwa injini ya dizeli inayotumia lita 25, litamaliza lita 65. Tofauti ni lita 39 kwa safari moja, na kwa safari mbili kila juma ni lita 78. Hapo ndipo ilipo karo ya watoto.

Dizeli huokoa mafuta kwa sababu ya namna inavyofanya kazi. Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa kiasi, kisha plagi hutoa cheche. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huibana hewa peke yake, mara 17 au zaidi, mpaka hewa yenyewe inapata moto wa kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa na nozeli. Kwa mbano huo mkubwa, kila tone hutoa kazi zaidi.

Wenye viwanda vikubwa waliijua siri hiyo mapema. Warusi walikuwa na lori la Ural-375 lenye injini ya petroli ya nguvu za farasi 180, lenye kiu isiyokatika. Mwaka 1977 wakaanza kutoa Ural-4320, ambalo ni karibu lori lile lile likiwa na dizeli ya KamAZ ya nguvu za farasi 210. Wamarekani nao, katika miaka ya 1990, waliyarudisha kiwandani baadhi ya malori yao ya M35 na kuyatia dizeli mpya za Caterpillar. Lakini hawakuishia hapo. Waliyatia pia giaboksi nyingine na matairi mengine. Funzo hilo mafundi wa Katwe wanalijua vizuri, na wateja wengi hawalijui.

SHULE YA UHABA

Ufundi wa Katwe haukufundishwa darasani. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka mengi ya spea yalikuwa mikononi mwao, na vipuri vikaadimika haraka. Gari lililoharibika pampu halikuweza kungoja meli. Fundi alilazimika kukereza kipuri kutokana na chuma chakavu, au kuunda injini moja kutokana na tatu zilizokufa. Vita vya mwaka 1979 vilipokwisha, na Amin kuondoka, uhaba ulibaki kwa miaka mingi. Watu waliojifunza kazi katika dhiki hiyo waliwafundisha wanagenzi wao, na hao wakawafundisha wengine. Ndiyo maana hata sasa, kijana wa Katwe huweza kuigusa injini inayonguruma kwa kiganja tu na kusema ni silinda ipi haifanyi kazi.

Lugha za karakana ni Kiganda na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, na maneno ya vyuma hayana kabila: spana, gia, breki, rejeta. Askari aliyestaafu husikilizana na mafundi upesi, kwa kuwa Kiswahili alikizoea kambini.

KUCHAGUA INJINI

Injini yenyewe haipatikani Katwe sana. Mnunuzi hurudi mjini mpaka soko la Kisekka, karibu na kilima cha Old Kampala, mahali palipojaa spea zilizotumika kutoka Japani na Dubai. Huko injini husimama zimepangwa kama askari kwenye gwaride, zikiwa zimefutwa kwa dizeli ili zing'ae. Za Isuzu na za Mitsubishi Fuso hupendwa, kwa kuwa spea zake ziko kila mahali. Nyingine inayojulikana ni Cummins ya lita 5.9, silinda sita, ambayo ilitiwa katika malori ya jeshi la Uingereza ya Leyland DAF ikiwa na nguvu za farasi 145, na pia katika malori mengi ya Tata.

Kabla ya kuchagua, ukumbukwe urefu wa nchi. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko karibu mita 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake hapa Kampala, na zaidi ikipanda Kigezi. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuisukumia hewa zaidi, hivyo hurudisha kile ambacho kilima kimenyang'anya.

Jambo jingine: injini inunuliwe ikiwa kamili. Wauzaji wengine huivua alteneta, pampu na feni, wakaviuza mbalimbali. Mnunuzi hufurahia bei ndogo, asijue kwamba mojawapo ya vitu alivyoviacha ndicho kitakachoamua uhai wake, kama itakavyoonekana hapa chini.

KUUNGANISHA

Injini ikifika Katwe huning'inizwa kwa kapi na minyororo, maana uzito wake hupita kilo 400. Kazi ya kwanza ni kuifunganisha na giaboksi ya lori. Matundu ya boliti hayalingani, kwa hiyo fundi wa kerezo hukata sahani nene ya chuma ya kuziunganisha. Hapo ndipo fundi mwema hutofautiana na mbabaishaji. Kitovu cha injini na kitovu cha giaboksi lazima viwe mstari mmoja kabisa. Kosa la unene wa ukucha tu litaila beringi na kuiua klachi kabla ya mwaka kwisha. Fundi mwema hupima kwa saa ya mshale iliyofungwa juu ya flaiwili, akaizungusha pole pole, akatazama mshale. Mbabaishaji hupima kwa jicho.

Kisha kuna suala la mwendo. Injini ya petroli huzunguka haraka na ya dizeli huzunguka taratibu. Lori lililokimbia kilomita 72 kwa saa injini ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, likitiwa dizeli yenye mwisho wa mizunguko 2,500 bila kubadilishwa gia, halitapita kilomita 56. Mwenye gari atalalamika kwamba amenunua nguvu akapata kobe. Dawa ni kutumia giaboksi iliyokuja na injini hiyo, au kubadili meno ya difu. Na difu nazo zina kikomo. Injini yenye msukumo mara mbili ya ile ya zamani itaweza kuikata shafti ya ekseli siku dereva atakapoachia klachi kwa pupa.

Rejeta nayo lazima ikue, kwa kuwa nguvu nyingi huja na joto jingi. Umeme pia uangaliwe. Magari mengi ya jeshi hutumia volti 24, na stata ya volti 12 itaungua siku ya kwanza.

HATARI ISIYOONEKANA

Mambo yote yaliyotajwa humtia mtu hasara ya fedha. Linalofuata humtia kaburini.

Malori mengi ya zamani ya petroli, GMC ya wakati wa vita yakiwa miongoni mwao, yana breki za mafuta zinazosaidiwa na ombwe, yaani nafasi iliyofyonzwa hewa. Injini ya petroli hulitengeneza ombwe hilo yenyewe bila gharama. Dereva anapoachia pedali ya mafuta, mlango wa hewa hujifunga, pistoni hufyonza, na ombwe hupitia bomba dogo mpaka kwenye kopo la breki. Mguu wa dereva hupata msaidizi.

Injini ya dizeli ya kawaida haina mlango huo wa hewa. Huvuta hewa bila kizuizi wakati wote, hivyo haifanyi ombwe. Fundi aking'oa injini ya petroli na kutia dizeli, akaliziba lile bomba dogo kwa sababu halina mahali pa kwenda, msaidizi wa breki amekufa.

Ubaya ni kwamba kifo hicho hakijitangazi. Lori likijaribiwa tupu katika uwanja wa Katwe ulio tambarare, breki zitashika. Pedali itakuwa ngumu kidogo, na dereva atadhani ni kwa sababu viatu vya breki ni vipya. Atalipa, atashukuru, ataondoka. Siku atakapotelemka mlima akiwa na tani tano za matoke mgongoni ndipo atakapokanyaga kwa miguu miwili, na lori lisisimame. Zaidi ya hayo, kwa kukosa mlango wa hewa, dizeli haina uwezo wa petroli wa kulishika gari linapoteremka kwa gia. Nguvu ya kwenda imeongezeka, nayo nguvu ya kusimama imepungua mara mbili.

Dawa yake inajulikana na si ghali ikilinganishwa na injini. Dizeli nyingi za Kijapani huja na pampu ya ombwe iliyofungwa mgongoni mwa alteneta, ile ile ambayo huvuliwa na kuuzwa peke yake. Lori liwe na pampu hiyo, tangi la akiba, na vali ya kuzuia ombwe lisitoroke. Lori la breki za hewa liwe na kompresa inayotosha. Na kwa safari za milimani itiwe breki ya moshi, mlango wa chuma unaofunga bomba la ekzosi ili injini yenyewe ilizuie lori.

Kujaribu hakuhitaji ufundi. Injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki ikanyagwe mara nyingi mpaka iwe ngumu. Kisha mguu uendelee kuikandamiza, na injini iwashwe. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, msaidizi yupo. Isipozama, lori lisitoke uani. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na hata kijana wa shule aweza kumfanyia baba yake.

SHERIA NA NYUMBA

Kadi ya usajili wa gari, ambayo wenyeji huiita logbuku, ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, mabadiliko yaandikishwe na gari likaguliwe. Risiti ya injini itunzwe, kwa kuwa askari wa usalama barabarani akikuta namba zisizolingana ana haki ya kushuku wizi. Rangi na alama za jeshi ziondolewe kabisa. Lori lililostaafu livae kiraia kama mwenyewe aliyestaafu.

Kwa askari anayengoja mafao yake, mali hii ina mvuto mkubwa. Anaijua sauti ya lori hilo tangu ujana, na moyo humwambia kwamba akilipata atakuwa na kazi mpaka uzeeni. Mvuto huo si kosa. Kosa ni kumaliza fedha zote kwenye injini, pasibaki kitu kwa ajili ya breki, rejeta na matairi. Ni vyema mke na mume wakae pamoja kabla ya kwenda Kisekka, wagawe fedha katika mafungu mawili: la kulifanya lori liende, na la kulifanya lisimame. Fungu la pili liwekwe na mama wa nyumba, lisiguswe hata muuzaji akionyesha injini inayong'aa namna gani. Na watoto wasipandishwe juu ya shehena, hata kwa safari ya kanisani.

MAJARIBIO YA KILIMANI

Kutoka Katwe, lori lililokamilika hufuata barabara ya Masaka mpaka Ndeeba, kwa mafundi wa mbao na bodi. Hapo hupata ubavu mpya na sakafu mpya. Kutoka Ndeeba huonekana kilima cha Rubaga, na juu yake kanisa kuu la Wakatoliki lenye minara yake miwili. Kupanda kuelekea huko ni jaribio zuri la injini, na wenye malori wengi huridhika likipanda bila kubadili gia mara nyingi. Hupiga honi, hucheka, huwapa wanagenzi fedha ya chai.

Fundi mzee hacheki bado. Huagiza mchanga upakiwe, lori lipandishwe tena likiwa zito, kisha ligeuzwe. Hujiketisha kando ya dereva, huweka kiganja juu ya dashibodi, na kumwambia ateremke pole pole na kusimama katikati ya mteremko. Lori huinamisha pua, tairi huuma lami, mchanga husogea kidogo nyuma ya kabati, na chuma chote husimama. Fundi hutazama nje kwa muda, akisikiliza. Kisha huamuru wateremke hatua chache na kusimama tena, na tena, mpaka chini.

Wakifika Ndeeba ndipo hunyosha mkono kupokea ujira wake.